Chupa ya bluu isiwatoe watu kwenye chumba cha vidonda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba msinikate sana, maana hili jambo nimelibeba muda na nikiliacha litanikaa kooni. Mimi ni muuguzi, nipo Tanga, huu mwaka wa 14 nafunga vidonda, na vingi ninavyofunga ni vya miguu ya watu wa kisukari. Majuma mawili yaliyopita ukurasa wenu wa afya na urembo ulitoa habari ya peptidi za shaba, yani vipande vidogo vya protini vilivyoshika shaba, mkaandika kwamba zinarudisha ngozi ya ujana, zinaotesha nywele, zinaotesha nyama kwenye kidonda hata kile kilichoshindikana hospitali, alafu pembeni ya habari kukawa na namba ya simu ya kuagizia. Sijaandika kusema mmedanganya kila kitu. Kuna nusu ya kweli pale, tena nusu nzuri sana, ila ile nusu nyingine mmeiacha na mimi ndo naiona kila siku ikiingia mlangoni kwangu inachechemea.

Niwaeleze mgonjwa mmoja, jina lake silitaji. Ni fundi seremala, ana miaka 58, kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Alikanyaga msumari, ukatoboa ndala ukaingia kwenye nyama chini ya kidole gumba, na hakuusikia, akafanya kazi mpaka jioni, mke wake ndo aliona damu sakafuni akamuuliza baba fulani hiyo nini. Watu wengi hawaelewi hapa, mguu wa kisukari unakufa ganzi, unaweza ukatembea na kokoto ndani ya kiatu siku nzima usijue. Tulikuwa naye wiki tano, anakuja Jumanne na Ijumaa, tunasafisha kwa maji ya chumvi, daktari anapunguza ile nyama ngumu ya pembeni, tunafunga, na tulimtengenezea kiatu kilichokatwa mbele ili uzito wote uende kisiginoni. Mi nina tabia moja, nachora kidonda kwenye ile karatasi ya ndani ya pakiti ya glavu, nazungusha kalamu pembezoni mwake, naandika tarehe, nabandika kwenye faili. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa sentimita 4 kwa 3. Wa wiki ya tano ulikuwa 2 na nusu kwa 2, na ndani kumejaa nyama nyekundu yenye vichembe vichembe kama tumba la stafeli, ukiigusa kidogo inatoa damu, hiyo ndo nyama tunayoitafuta.

Alafu akapotea. Wiki sita.

Aliporudi harufu ilitangulia kabla yeye hajafika kwenye benchi. Kiatu tulichompa hakuna, amevaa ndala zilezile, kidole kimekuwa cheusi na usaha unatoka upande wa pili wa pale msumari ulipoingilia. Nikamuuliza baba imekuwaje, kwa nini hukuja, akatoa mfukoni kichupa kidogo cha sindano, akaniwekea kiganjani kama mtu anayenionyesha kitu cha thamani. Chini ya kichupa kulikuwa na unga wa bluu, bluu kabisa, ule wa bluu ya kufulia nguo nyeupe. Binti yake yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, aliona kwenye simu dawa ya peptidi ya shaba inayotibu vidonda vya kisukari, akatuma shilingi 180,000 baba anunue kwa muuzaji aliyeko hapa hapa nchini, na muuzaji akamuelekeza kwa meseji za sauti achanganye na maji ya sindano, ajichome pembeni ya kidonda asubuhi na jioni, ingine adondoshee juu, na asirudi hospitali maana hospitali wanachokonoa kidonda wanakichelewesha. Kwenye kichupa hamna jina la aliyetengeneza, hamna tarehe ya kuisha, kuna maneno ya Kiingereza tu yanayosema ni kwa matumizi ya utafiti peke yake. Yule baba Kiingereza hasomi.

Kidole kilikatwa wiki hiyo hiyo. Tulibahatika kikaishia kidole.

Sikumkasirikia, nitamkasirikiaje mtu ambaye alikuwa anatafuta kupona, na binti yake nae alikuwa anatafuta baba apone. Ila nililala vibaya. Nikampigia mtoto wa dada yangu anayesoma famasia nikamwambia mwanangu niletee kila kilichoandikwa juu ya hii shaba nikisome, nataka kujua ni uongo mtupu au kuna kitu. Kwa wiki tatu kila nikitoka zamu tunakaa nae kwenye simu, ananisomea, mi nauliza. Na nilichokikuta kimenishangaza, ndo maana nasema mna nusu ya kweli.

Hii peptidi yenyewe ipo mwilini mwetu. Wataalam wanaiita GHK, ni vipande vitatu tu vya protini vilivyoungana, glaisini, histidini na laisini, na ikishika chembe ya shaba wanaiita GHK-Cu. Aliyeigundua ni mwanasayansi wa Marekani, Loren Pickart, mwaka 1973, na namna alivyofika pale mi nimeipenda sana. Alichukua vipande vya ini la watu wazima wenye umri mkubwa akaviweka kwenye majimaji ya damu ya vijana, na lile ini likaanza kutengeneza protini kwa namna ya ini la kijana. Akawa anajiuliza ni kitu gani kwenye hiyo damu kinachofanya hivyo, akachuja na kuchuja mpaka akafika kwenye hicho kitu kidogo kabisa cha vipande vitatu. Kwenye majimaji ya damu ya mtu wa miaka 20 ipo kama nanogramu 200 kwa kila mililita, akifika 60 imeshuka mpaka kama 80. Nanogramu ni gramu moja uigawe mara bilioni, kwa hiyo tunaongelea kitu ambacho jicho halina habari nacho, lakini kipo na kinapungua tunavyozeeka.

Sasa kwa nini shaba? Hapa naomba mnivumilie, hapa ndo utamu ulipo. Kidonda kikishaacha kutoa damu na zile seli za ulinzi zikishakula uchafu, mwili unaanza kufuma kolajeni, zile nyuzi ambazo ndo zinashika nyama isiachane. Seli zinazofuma zinatoa nyuzi, lakini nyuzi zikiwa moja moja hazina nguvu, lazima zifungwe pamoja, ukindu mmoja unakatika kwa vidole ila mkeka unamkalia mtu mzima. Kinachofunga ni kimeng'enya kinachoitwa laisili oksidesi, na hicho kimeng'enya bila shaba hakifanyi kazi. Shaba imekaa katikati yake. Ndo maana watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Menkes, ulioelezwa na daktari John Menkes mwaka 1962, ambao miili yao haiwezi kusafirisha shaba inavyotakiwa, nywele zao zinakatikakatika na mishipa yao ya damu inakuwa dhaifu, yani nyuzi zipo ila hazijafungwa.

Lakini shaba hiyo hiyo ikiwa huru mwilini inaunguza. Ina tabia ya kuzalisha zile chembe kali zinazoharibu seli, na ugonjwa wa Wilson ambao shaba inajaa kwenye ini na ubongo unaonyesha inachofanya ikikosa wa kuitoa. Nimewaelezea wagonjwa wangu hivi, moto ukiwa jikoni unapika wali, moto huo huo ukiwa kwenye paa la makuti unakula nyumba. Mwili kwa hiyo hauachi shaba itembee ovyo, unaishikisha kwenye protini, ingine kwa albumini, na hii peptidi ndogo ni mmoja wa washikaji. Histidini iliyoko katikati yake ndo inasaidia kuibana shaba, inabanwa vizuri kiasi kwamba ule ukali unatulia, na bado inaweza kuiachia mahali inapohitajika. Na kitu kingine ambacho kilinifanya nimwambie yule mtoto arudie kusoma mara mbili, hivyo vipande vitatu vimo ndani ya kolajeni yenyewe. Wanasayansi wanaona kwamba nyama ikijeruhiwa na kolajeni ikivunjwavunjwa, vipande hivyo vinaachiliwa vinakuwa kama ujumbe kwa seli za jirani kwamba hapa pamebomoka njooni mjenge. Mi nimeosha vidonda miaka 14 nikidhani natoa takataka tu, kumbe kwenye mabaki ya nyama iliyoumia kuna wito wa kujenga.

Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa, kule Reims, Maquart na wenzake, waliziweka seli zinazofuma kolajeni kwenye chombo cha maabara wakazitilia hii peptidi yenye shaba, na kweli zikafuma kolajeni zaidi. Ila angalieni kipimo. Ilifika kilele ikiwa kiasi kidogo mno, gramu moja uigawe mara milioni, alafu uchukue chini ya nusu ya kipande kimoja, ndani ya lita nzima ya maji. Yule fundi wangu alikuwa anachota unga kwa kukadiria kwa macho, anajichoma, na akiona siku mbili hakuna badiliko anaongeza. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinachofanya kazi kwa kiasi kidogo hivyo hakiendi kwa mtindo wa ongeza kama supu imekosa chumvi.

Na seli kwenye chombo sio mguu wa mtu. Habari yenu iliruka hapo. Watafiti walijaribu kwa watu pia, na majibu yao hayakufanana. Mwaka 1992 kulichapishwa jaribio la watu wenye vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya damu kushindwa kurudisha damu juu, wakagawanywa makundi matatu, wengine wakapakwa krimu ya peptidi ya shaba, wengine krimu ya fedha, ile silva ambayo sisi tunapaka watu walioungua, na wengine krimu tupu isiyo na dawa. Waliopakwa silva vidonda vilipungua ukubwa kwa asilimia 44. Waliopakwa krimu tupu asilimia 22.5. Waliopakwa peptidi ya shaba asilimia 18.7. Yani kwenye vidonda vya aina ile haikuishinda hata krimu tupu. Mwaka 1994 wakaja wengine, Mulder na wenzake, wakaijaribu kama jeli kwenye vidonda vya miguu ya kisukari, na hapo majibu yalikuwa mazuri, hasa kwa waliopakwa mara tu baada ya nyama iliyokufa kukatwa. Sitaki kuificha hiyo ingawa muuzaji angeifurahia, maana ni kweli na mimi nataka mseme kweli yote. Lakini someni vizuri, wale wagonjwa hawakuambiwa wakae nyumbani. Walikatwa nyama iliyokufa, wakasafishwa, wakafungwa, wakaangaliwa, alafu jeli ikaongezwa juu ya hayo. Ilikuwa jeli ya kupaka, sio unga wa kujichoma. Na miaka zaidi ya 30 imepita tangu hapo na sijaona daktari anayeiandika kama dawa ya kawaida ya kidonda cha kisukari, ingekuwa inatibu namna mlivyoandika mngeikuta kwenye kabati langu jirani na gozi.

Kwenye mafuta ya uso sina ugomvi. Kama kina dada wana hela zao na wanataka seramu ya bluu ya kulainisha ngozi wajipake, shaba kidogo juu ya ngozi nzima isiyo na jeraha siyo hoja yangu leo, waangalie tu imepita kwa watu wa viwango, maana tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS na dawa zipo TMDA. Hoja yangu ni sindano. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka GHK-Cu ya kuchoma sindano kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuwa na hatari kubwa vikichanganywa na maduka ya dawa, na walikuwa wanaongelea famasia zenye maabara na wataalam waliosomea, sio mtu anayeuza kwa meseji. Peptidi ikitengenezwa vibaya inabeba uchafu usiouona, mwili unaweza kuipinga, na ile sindano yenyewe kwenye mguu wa kisukari ambao damu haifiki vizuri ni tundu lingine jipya la wadudu kuingilia. Yule fundi alikuwa na matundu 20 na kitu kuzunguka kidonda kimoja. Niliyahesabu kwa sababu ilibidi niyasafishe yote.

Na habari zikishatoka gazetini hazikai zilipo. Wiki ileile mliyochapisha alikuja mama mmoja kutoka njia ya Muheza, ana donda kwenye kifundo cha mguu miaka miwili, jirani yake amemsomea gazeti kwamba shaba inaponya, na kwa sababu hana laki na themanini akakumbuka marehemu bibi yake alikuwa anatumia mrututu. Wasomaji wazee mtaujua, yale mawe ya bluu wanayouza kwenye maduka ya dawa za asili, wengine wanawekea kuku, na mbuzi kwenye kwato. Mrututu kweli una shaba ndani, ni salfeti ya shaba, bibi zetu hawakuwa wajinga, inaua wadudu na inachoma ile nyama inayochomoza, ndo maana waliiwekea vidonda. Lakini hiyo ndo shaba ambayo haijashikwa na chochote, ndo ule moto kwenye makuti. Yule mama aliusaga akaupaka umekolea, akafunga na kitambaa, akakaa nao siku tatu akivumilia akiamini kuwasha ndo kupona. Nilipofungua kitambaa ngozi ya pembeni ilikuwa imebabuka rangi ya kijani, na ile nyama nyekundu changa ambayo ilikuwa imeanza kuota, ameiunguza mwenyewe. Alilia, akaniambia mwanangu nimesikia ni shaba, si ni shaba? Ndiyo mama ni shaba. Hilo neno moja limebeba vitu viwili tofauti kabisa na hakuna aliyemtenganishia.

Basi niwaambie kinachofunga mguu wa kisukari, maana nacho hakina siri na hakuna anayekitangaza kwa sababu hakuna anayekiuza kwenye kichupa. Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni kuutoa uzito juu ya kidonda. Hamna peptidi, hamna asali, hamna unga wa rangi mbili, hamna chochote kitakachofunga kidonda kilicho chini ya unyayo kama mwenye mguu anakikanyaga mara elfu tano kwa siku, kila nyama inayoota usiku inasagwa asubuhi. Sukari ishuke, maana sukari ikiwa juu seli za ulinzi zinakuwa nzito kama zimelewa na wadudu wanafanya sherehe. Nyama iliyokufa itolewe na mtu anayejua, na hapa ndo yule muuzaji alipomdanganya fundi, akamwambia tunachokonoa. Hatuchokonoi, nyama iliyokufa ni nyumba ya wadudu na kidonda hakiwezi kujenga juu ya kifusi. Na daktari apime kama damu inafika, aweke vidole pale juu ya mguu asikilize mapigo, kama hayapo basi kuna kazi ingine ya kufanya kwanza kabla hamjaanza kuongea habari ya kupaka.

Hii kazi nchi hii inaijua. Miaka ya 2000 ulianza mradi wa Step by Step hapa Tanzania na India, na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ni mmoja wa watu waliousimamisha, walikuwa wanafundisha wawili wawili, daktari na muuguzi wake, kutoka hospitali za mikoani, wakafundishwa kushika mguu, kuangalia katikati ya vidole, kukata sugu, kutengeneza kiatu cha kupunguza uzito, wakapewa na vifaa vya kuanzia. Aliyenifundisha mimi kufunga vidonda alifundishwa na mtu wa mkondo huo, na bado nina uzi wa plastiki wa kupimia ganzi, ule unaougusisha kwenye unyayo mpaka ukunjike kisha unamuuliza mgonjwa umesikia? Uzi wa samaki unaweza kuuona hivyo hivyo, lakini huu umepimwa, unakunjika kwa uzito wa gramu 10. Mtu asiposikia huo, msumari pia hatausikia. Kupima mtu mmoja hakuchukui dakika tano na kila kituo cha afya kinaweza kuwa nao.

Na kama mtu anataka shaba, aile. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu moja kwa siku, na konzi ya korosho, gramu 30 hivi, ina zaidi ya nusu miligramu. Maini yamo, ufuta umo, kunde zimo. Sisemi korosho zinafunga kidonda, msije mkaandika hivyo jamani. Nasema mwili unaokula vizuri unajitengenezea wenyewe vile vishikaji vyake na unajua wa kumpa na kiasi gani, na wagonjwa wangu wengi tatizo lao kubwa ni kwamba wakishaambiwa wana sukari wanaacha kula kila kitu, protini hawali, mayai hawali, maharage wanaogopa, na kidonda hakina cha kujengea.

Nyie watoto wetu mlioko Muscat, Dubai, Doha, najua mnasoma magazeti kwenye simu. Najua mnavyoumia mkipigiwa video mkaonyeshwa mguu wa baba na nyie mko mbali, mnataka mfanye kitu leo leo. Laki na themanini ile ingenunua raba moja pana ya kufunika vidole, mashine ya kupimia sukari na vipimo vyake vya miezi, na nauli ya bodaboda ya kuja kufungwa mara mbili kwa wiki. Nauli ndo inayowakwamisha wengi, sio dawa. Yule binti nilimpigia mimi mwenyewe kwa simu ya baba yake. Sikumlaumu, nilimweleza haya yote kama nilivyoyaeleza hapa, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, alafu akauliza, dada, kwa hiyo nitume nini? Nikamwambia tuma nauli, na kila Jumanne usiku mpigie muulize amekwenda? Anapiga kweli, tena siku ingine ananipigia na mimi kuhakikisha.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili tu. Ile namba ya kuagizia iondoeni kwenye toleo la mtandaoni, bado ipo, nimeangalia jana usiku. Na ile habari mwiandike tena, mkitaka nitakaa na mwandishi wenu hata siku nzima, aje aone hiki chumba, nitampa barakoa na glavu, ashike mguu mmoja kwa mikono yake. Aandike habari ya Pickart na lile ini, ni habari nzuri na wasomaji wanastahili kuijua, aandike na hizo asilimia 18.7 na 44, aandike na yale matundu 20 na kitu. Mtu akishayasoma yote kwa pamoja ataamua mwenyewe kichupa kile akifanyie nini.

Fundi anaendelea kuja. Mguu sasa una vidole vinne na anatembea na kiatu kipya kilichokatwa mbele, kakitengeneza mwenyewe kwa kipande cha godoro na raba ya zamani, kakitengeneza vizuri kuliko changu. Jumanne iliyopita nilichora tena kwenye karatasi ya glavu, sentimita 1 na nusu kwa 1, nyama nyekundu mpaka pembeni. Nikamwonyesha karatasi zote nne kwa kufuatana, akaziangalia muda, akaniomba ile ya mwisho ampelekee mkewe akaione. Nikampa, nikachora ingine ya faili.

Muuguzi, chumba cha vidonda,
Tanga